Shibiri ya Mkono Wangu

Watu wakisikia kuna fundi seremala kutoka Unguja, haraka wanataka niwaeleze milango ya nakshi. Sijawahi kuchonga hata mlango mmoja wa nakshi. Kwetu nilikuwa natengeneza vitanda na makabati, na hapa Texas nimeendelea na makabati, ya jikoni, katika karakana moja ya Lewisville. Tunayafunga kwenye majumba makubwa, mwenye nyumba anafungua droo, anaifunga, anasifu, basi. Kwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani aliyeyatengeneza. Nalisema hili mwanzo kabisa ili ijulikane nilikuwa nataka nini. Nilitaka kitu changu kimoja tu kiulizwe, "Hiki katengeneza nani?", na jibu liwe mimi.

Kitu chenyewe kikawa skii, zile mbao mbili watu wanazofunga miguuni wakateleze kwenye theluji. Ndiyo, mimi, mtoto wa Unguja, na katika jimbo ambalo mwezi wa nane usukani wa gari haushikiki kwa joto. Cheka umalize, kisha tuendelee.

Aliyenitia kwenye mambo hayo ni rafiki yangu, Mmombasa niliyekutana naye Vickery Meadow mwaka niliofika Dallas. Tulipanga pamoja chumba kimoja karibu na kituo cha treni. Nilimzidi umri kwa miaka zaidi ya kumi, naye alikuwa na adabu za kwao. Hakuwahi kuniambia neno lolote kabla ya kusema, "Shikamoo kaka." Kwenye simu ni hivyo, mlangoni ni hivyo. Siku moja tuligombana kwa sababu ya sufuria aliyoiunguza, asubuhi yake akaamka amevimba kama andazi, akasema shikamoo, nikaitika marahaba, halafu akaendelea kununa. Adabu ile ndiyo iliyonifanya nimwite mdogo wangu, nami sikuwa na mdogo mwingine nchi hii.

Baadaye alihamia Missouri City, mji mdogo pembeni mwa Houston, akapata kazi Houston katika duka la kutengeneza vifaa vya michezo. Houston haina theluji wala kilima, lakini watu wake wana skii kila gereji, na kabla ya likizo wanazileta zipigwe nta na kunolewa kingo. Siku moja aliniletea skii iliyovunjika. Niliitazama pale ilipokatika, nikaona vipande vya mbao vimepangwa na kugundishwa kimoja baada ya kimoja. Nilipigwa na butwaa. Miaka yote nilidhani ni plastiki, kumbe ni useremala mtupu uliovalishwa nguo za rangi.

"Kaka, hii tunaweza kufanya wenyewe," akaniambia. "Gereji yangu iko empty. Mimi najua ku-tune, wewe wajua mbao."

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Binti yangu anasomea uuguzi Denton, na wenzake wa darasani walikuwa wamemfundisha michezo hiyo huko New Mexico. Ni mwembamba, upepo ukivuma nashika mkono wake. Skii alizokodi zilikuwa nzito na ngumu, zimetengenezwa kwa ajili ya wanaume wenye mapaja kama magogo, na alirudi anachechemea. Nikamwahidi pea yake mwenyewe, nyepesi, itakayomsikiliza yeye badala ya kumburuta.

Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, nilikuwa nashika barabara ya Houston, mwendo wa saa nne na zaidi, nina mbao nyuma ya gari. Kwa moyo wa skii tulichagua paulonia, mti mwepesi mno, ukiushika unahisi umebeba mkate. Lakini wepesi peke yake ni ujinga. Skii nyepesi ikikuta theluji ngumu inatetemeka mpaka meno yanagongana. Basi katikati, pale mguu unaposimama, nilitia vipande vyembamba vya mbao ngumu, na pembeni juu ya kingo za chuma tukaweka utepe wa mpira wa kumeza mitetemo. Juu na chini tukavika kitambaa cha nyuzi za kioo na uzi kidogo wa kaboni. Tukamwaga gundi, tukabana kwa jeki nne za gari.

Siri haikuwa hapo, ilikuwa kwenye umbo. Skii za njia za theluji iliyoshindiliwa hupinda kwenda juu ncha ya mbele tu, na zinashika theluji kwa urefu wake wote. Hizi tulizotaka sisi ni za kuteremkia nje ya njia, kwenye theluji mbichi, na za kuchezea. Lazima zianze kuinuka mapema mbele na nyuma pia, ili zielee, zigeuke upesi, na binti akitaka ateremke kinyumenyume. Chini ya mguu unaacha upinde mdogo wa kumrudishia nguvu anapobonyeza. Ncha unazilainisha, katikati unaacha ngumu. Ukiinua mapema mno, skii haishiki kitu. Ukichelewa, inakuwa kaidi. Suala lote ni kujua mahali pa kuanzia.

Na mimi hupima kwa mkono. Futi ninayo, naitumia, lakini ya kusahihishia. Kwanza naweka shibiri, kutoka gumba mpaka kidole cha mwisho, kama alivyonifundisha marehemu baba. Tena shibiri yangu ni fupi, kwa kuwa msumeno ulichukua pingili moja ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto nikiwa kijana. Kuinuka kwa mbele nilikuweka shibiri mbili na vidole vitatu kutoka nchani. Kwa nyuma ikawa shibiri moja na nusu. Mzunguko wa pua ya skii niliufuata kwenye mkono wenyewe, ule uwazi kati ya gumba na kidole cha shahada.

"Mkono wako ukiwa Lewisville, mimi huku nitapima na nini?" mdogo wangu akaniuliza siku moja. Akachukua boksi la televisheni, akalikata, akaniambia nilaze mkono wa kushoto, akauchora kwa penseli kidole kwa kidole. Penseli ilinitekenya, nikacheka kama mtoto. Alifika kwenye kidole kifupi akazungusha taratibu, hata kovu hakuliruka. Nilimtazama pale alipoinama, nikamshukuru Mungu kwa kunipa ndugu.

Pea ya kwanza ilikuwa laini mno. Binti alisema inateleza kama sabuni bafuni. Ya pili ilitetemeka. Ya tatu alinipigia simu akiwa mlimani, anahema.

"Baba! It's so playful! Naibonyeza kidogo tu, inaruka. I made a mistake na haikuniangusha, it just forgave me!"

Sikuelewa nusu ya maneno, lakini sauti niliielewa. Nilikuwa nimeshika bawaba ya kabati la watu, nikaketi sakafuni.

Pea hiyo ilirudi Missouri City ili mwenzangu aitolee kiolezo cha kutengenezea nyingine, kisha binti apewe iwe yake kabisa. Wiki mbili baadaye mwenzangu akanipigia simu. Shikamoo, marahaba.

"Kaka, maji yameingia gereji. Ile mvua ya juzi. Zote zimeharibika, mbao zimevimba. Hii project imekufa."

Nikamfariji. Mimi! Nilimwambia mali ni kitu cha kupita, la muhimu yeye na familia yake ni wazima. Nilimpelekea hata mbao zangu nilizoziweka akiba, nikamwambia atengeneze rafu za gereji ziwe juu, maji yasimfikie tena. Alizipokea. Baada ya hapo simu zikapungua, nikasema ni aibu, mtu akiharibikiwa hujificha. Binti nikamwambia asubiri.

Msimu uliofuata binti alirudi kule kule New Mexico na wenzake. Mchana, picha ikaingia kwenye simu yangu. Alikuwa kwenye foleni ya kupandishwa mlimani, na mbele yake mwanamume mmoja alikuwa amesimama juu ya skii za rangi ya kahawia. Karibu na pua ya kila skii palichapwa mkono mweusi, wa kushoto, vidole vimetanuliwa. Kidole cha mwisho kilikuwa kifupi.

"Baba," aliandika chini yake, "that's your hand."

Nilitazama picha, nikautazama mkono. Naijua hasira yangu, huja na kelele. Hii haikuja na kelele. Nilimwambia msimamizi wa karakana naumwa, na sikudanganya.

Jumamosi nilishika barabara ile ile. Binti alikuwa ameniulizia kwa yule mtu wa foleni skii alinunua wapi, na anwani ilikuwa Missouri City, mtaa wa pili kutoka kwenye ile gereji. Nilikuta karakana safi, ina kioo mbele, ndani mtambo halisi wa kubania, si jeki. Mama mmoja wa Kizungu mwenye miwani alinikaribisha, akadhani ni mteja. Na ukutani, juu ya meza ya kazi, palikuwa na lile boksi la televisheni. Mkono wangu. Ulikuwa umepigiliwa msumari katikati ya kiganja.

Nilimuuliza mama yule, mkono ule ni wa nani. Uso ukamchangamka. Akasema watu wote huuliza hivyo, kila anayeingia lazima aulize. Akanieleza kwamba skii zao zote hupimwa kwa mkono ule, kwamba ni mkono wa babu yake bosi, fundi mkubwa wa Afrika aliyepoteza kidole kazini, na kabla hajafa alimwachia mjukuu wake siri ya vipimo. "Marehemu," alisema, na akaweka mkono kifuani kwa heshima, heshima aliyokuwa ananipa mimi bila kujua.

Mwenzangu akatokea chumba cha nyuma. Aliponiona alisimama, kisha akaona kuna wateja wawili wanapapasa skii kwenye rafu. Zile rafu zilikuwa mbao zangu.

"Hey! How are you doing, sir?" akaniambia, amenyoosha mkono.

Miaka yote ile, na leo ndiyo mara ya kwanza kunisemesha bila shikamoo. Iliniuma kuliko msumari. Sikuupokea mkono wake. Nilikwenda ukutani nikalaza wangu juu ya ule wa boksi, gumba juu ya gumba, na kile kidole kifupi kikaishia pale pale penseli ilipozunguka. Mama wa miwani alisogea, akatazama kidole kwa kidole.

"Babu yako alifariki lini?" nikamuuliza kwa Kiswahili.

Akanisogelea, akateremsha sauti. "Kaka, tafadhali, usinitie aibu mbele za watu. Ni story tu. Hawa wanapenda story."

"Si ungewaambia mwenye mkono yuko Lewisville anafunga makabati?"

"Ukiwa hai watakutaka wewe," akasema.

Alisema bila ubaya, kama mtu anayeeleza bei ya gundi. Hapo nikaelewa kwamba hakuniibia kwa tamaa ya siku moja. Alikaa chini, akafikiri, akaona mimi nikiwa hai nitamzuia njia, akaniondoa. Kikulacho ki nguoni mwako, niliwahi kuwaambia wengine neno hilo mara nyingi sana, kwa kujidai, kama mtu ambaye nguo zake kazikagua.

Ningeweza kuung'oa ule mkono. Nilishika hata kichwa cha msumari. Lakini wangebaki na vipimo, na mimi ningebaki na kipande cha boksi kilichotoboka, kwa hiyo niliuacha, nikachukua kwenye rafu pea moja ya saizi ya binti yangu, nikaiweka begani. Hakuna aliyenizuia. Mama wa miwani ndiye aliyenifungulia mlango.

Mwenzangu alinifuata nje. Sikugeuka, ila nilizijua hatua zake. Nililaza skii kwenye gari kuanzia kiti cha mbele mpaka nyuma, nikaingia, nikafunga mkanda. Alisimama kwenye dirisha, na sasa hapakuwa na mteja wa kumwona. Akainamisha kichwa kidogo, kama enzi za Vickery Meadow.

"Shikamoo kaka."

Jibu lilikuwa tayari ulimini, limezoea kutoka lenyewe. Nililimeza. Ndani ya karakana ile nilikuwa nimekwisha kuzikwa, na aliyenizika ni yeye, na maiti haitikii shikamoo. Nikawasha gari.