Pembe za Tandala

Kwenye sebule ya Shem, mtaa wa Saltley, zilining'inia pembe za tandala, na kila mgeni alisimuliwa jinsi Shem alivyompiga mshale katika makorongo makavu ya Kitui. Jumapili moja ya mwaka 1974 mgeni alikuwa Ajit, mwenzake wa mawindo, aliyehamia Birmingham karibuni.

"Shemeji, si ulikuwepo?" Mumbua, mke wa Shem, alisema akimimina chai. "Hebu niambie kama huyu hapigi chuku."

Shem aliinamisha macho. Desturi yao ilikuwa kwamba mwenye mshale ulioua ndiye mwenye pembe. Siku ile alitangulia kushuka korongoni, akamkuta tandala amekufa kwa mshale wenye alama ya Ajit. Akaung'oa, akaufukia mchangani, akachomeka wake.

"Mumeo ana shabaha," Ajit alisema. "Mimi nilikosa, wawindaji wenzetu wakanicheka mpaka nyumbani."

Ajit alipoaga, na Mumbua akiwa jikoni, Shem alimkimbilia hadi kituo cha basi, pembe kifuani.

"Chukua, ndugu yangu. Ni zako."

"Najua. Niliuona mchanga uliofukuliwa. Zirudishe ukutani, shemeji asije akauliza."

Shem akarudi nazo akiambaa na kuta, kama mtu aliyeziiba mara ya pili.