Nafasi ya Watu Wetu

Siku tisa mfululizo nililala vibaya kwa sababu ya barua ya ukurasa mmoja. Ilisema nimechaguliwa kuwa karani wa mradi wa kujenga mtaro na njia ya miguu hapa Kawangware, nianze kazi Jumatatu. Nina digrii na nina miaka miwili bila kazi. Mtu mwingine angeikunja barua ile, aiweke chini ya mto na kulala fofofo. Mimi ni mtu wa kufikiria jambo hadi linachakaa, na nilijua sikuchaguliwa. Niliwekwa. Nilipewa nafasi ya kabila la baba yangu, kabila ambalo lugha yake inanishinda baada ya salamu. Sasa ni nani hasa aliyepewa kazi, mimi au baba?

Nalaumu nilikokulia. Sisi tuliozaliwa Laini Saba, kando ya reli, wakati simu zilikuwa za kupiga na kupokea tu, hatukuandaliwa kwa maswali haya. Ploti yetu ilikuwa na vyumba kumi na viwili vya mabati, sita vikitazamana na sita, na mfereji wa maji machafu katikati ambao tuliuruka siku nzima kama mchezo. Mama aliuza dagaa wa omena na mboga mlangoni. Baba alikuwa seremala, na hadi leo nikinusa mbao mbichi zilizorandwa najisikia nina miaka sita. Jirani yetu Mama Wambui alipika githeri ya mahindi na maharagwe kwa sufuria kubwa, na mchana wa Jumamosi harufu yake na ya omena ya mama zilipigana katikati ya ploti mpaka watoto tukalegea kwa njaa. Ulikula ulipokutwa. Ulichapwa pia ulipokutwa, na yeyote, kisha ukifika kwenu unachapwa tena kwa kumsumbua mama wa watu.

Tulicheza mchezo wa kati kwa mpira wa majuala ya plastiki, na katika kuhesabu tulisema, "Achiel, ariyo, ithatu, inya, tano!" Mbili za kwanza ni za Kijaluo, mbili zinazofuata ni za Kikuyu, ya mwisho ni Kiswahili. Hatukujua. Nilifika darasa la kwanza nikahesabu hivyo mbele ya mwalimu, kwa sauti kubwa, nikijivunia. Mwalimu aliuliza hiyo ni lugha gani. Nikamwambia ni hesabu.

Lakini kosa kubwa la utoto wangu lilikuwa kuhusu ocha. Nyinyi rika langu mnakumbuka jinsi watu walivyoondoka mtaani kwetu. Mtu akifa, watu waliimba jioni kadhaa mfululizo, na sisi watoto tulijua nyimbo zote za matanga, za kila lugha, bila kuelewa hata neno. Kisha basi lilikuja na utepe mwekundu na matawi ya miti mbele, jeneza likapandishwa, na watu wazima wakasema, "Ameenda ocha." Mzee wa chumba cha nne alienda ocha. Fundi wa baiskeli alienda ocha. Baada ya wiki moja waliosindikiza walirudi na mahindi, viazi vitamu na kuku waliofungwa miguu. Kwa akili yangu jambo lilikuwa wazi. Ocha ni mbinguni, wanalima sana huko, na marehemu hutuma zawadi.

Basi Desemba moja baba akarudi kutoka kazini amefurahi, akatangaza, "Mwaka huu tunaenda ocha, sisi sote."

Sikulia mbele yake. Nilienda nyuma ya choo na Wambui, rafiki yangu wa mlango wa pili, nikamrithisha mali yangu: bladda, yaani kamba ya mpira ya kuruka, kifuniko cha chupa cha bahati na nusu penseli. Wambui alipokea kwa heshima. Alifikiri kidogo, akasema, "Ukifika, msalimie cucu yangu. Alienda mwaka jana."

Mama yake alikuwa anafua pale karibu, akasikia yote. Alicheka mpaka akaketi kwenye maji. "Ngai! Huyo mtoto anadhani anaenda kufa! Mama Naliaka, kuja usikie!" Alikuwa akimwita mama kwa jina langu, na ploti nzima ilitoka. Mama alinishika mabega na kunieleza, huku akijipangusa machozi ya kicheko, kwamba ocha ni shamba tu, kwa kina baba, kuna ng'ombe na binamu. Nikauliza kama nitamwona cucu, nyanya yake Wambui, huko. Mama Wambui akanijibu kwa upole kabisa, "Hapana, mtoto. Yeye yuko ocha yetu. Hiyo yenu ni ingine."

Nilikasirika. Kufa kulikuwa kumenitisha, lakini nilikuwa nimeshazoea wazo kwamba huko tutakutana wote. Kumbe kila mtu ana kwake. Tuliokula sufuria moja kando ya reli tungepelekwa pande tofauti tukimaliza, kama mizigo iliyoandikwa majina. Ndiyo siku niliyojua nina kabila.

Kuna mwaka, nikiwa na kumi, kura zilipigwa na mambo yakaharibika. Hakuna aliyetugusa. Mwenye ploti alikuja tu, mtu tuliyemjua, akamuuliza baba, "Kwenu ni wapi?" Baba alikuwa amemlipa kodi miaka kumi na moja na kumtengenezea vitanda. Tukaelewa tunafukuzwa, tukahamia Kawangware. Kina Wambui walikuwa wameondoka juma moja kabla, asubuhi, mkokoteni mmoja. Sikumwona tena.

Unisamehe kama nawachoka vijana wa siku hizi, ingawa nimewazidi miaka sita tu. Watoto wa ploti yetu ya sasa wanazungumza Sheng tupu. Hawajui kumwomba nyanya maji kwa lugha yake. Lakini kabila wanalijua kwa vichekesho vya simu: hawa wanapenda pesa, wale wanapenda kuku, wengine wanajigamba. Juzi kijana wa jirani, ambaye hajawahi kulala ocha zaidi ya usiku wa mazishi, aliniambia, "Sisi hatuwezi oa huko, Naliaka." Sisi nani? Nilimuuliza anioneshe huko ni wapi. Akanionesha upande wa soko.

Turudi kwenye barua. Siku ya usaili tulikuwa wanane kwenye benchi. Aliyeketi karibu nami aliitwa Nduku, mzaliwa wa Kawangware, wazazi wake wametoka Ukambani. Alikuwa amefanya kazi ya karani kwenye mradi wa vyoo kwa mwaka mzima. Alinitazama nikihangaika na fomu, akaninong'oneza, "Hii fomu imeniuliza kabila mara tatu, ni kama inanishuku." Nilicheka hadi nikaambiwa ninyamaze. Kisha akanionesha namna ya kujaza sehemu ya mpangilio wa malipo ya vibarua, ambayo mimi nilikuwa nimeiacha wazi. Mshindani wangu, akinifundisha!

Alama zilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kamati, pamoja na namba zetu za simu. Nduku alikuwa wa kwanza. Mimi nilikuwa wa nne. Siku mbili baadaye nikapokea barua, mimi.

Nyumbani ilikuwa sherehe. Baba aliwaambia wateja wote. Mama alininunulia viatu vyeusi vya ofisini akavificha chini ya kitanda, kisha akashindwa kusubiri akavitoa usiku huohuo. "Nyathina," aliniita kwa Kijaluo chake, mtoto wangu, "sasa utapumua." Ningewaambia nini?

Nilienda ofisini kumwona mwenyekiti wa kamati, Mzee Wafula, kwa kisingizio cha kushukuru. Alinipokea kwa lugha ya baba. "Mulembe!" Nikajibu mulembe. Akaendelea na maneno mengi mazuri, nami nikatabasamu kama mtu anayepigwa picha. Alipoona nimekwama akahamia Kiswahili, bila hasira.

"Utajifunza. Wewe ni wetu."

"Lakini Mzee, nilikuwa wa nne."

"Wa nne kwa alama. Kwa hesabu ya jamii ulikuwa wa kwanza. Nafasi ya Wakamba ilishajazwa upande wa mafundi. Watu wetu walikuwa wamebakisha moja." Akasogeza kiti. "Wewe umesoma, unaona hii ni ujinga. Mradi uliopita hatukugawa. Watu wa upande mmoja walijaa, mawe yakarushwa, bomba likang'olewa. Hii hesabu ndiyo inafanya tujenge. Ama unataka maji machafu yaingie kwa nyumba za watu kwa sababu ya alama zako?"

Hapo ndipo usingizi ulipotea kabisa, kwa sababu mzee hakuwa mwongo. Niliona yale mawe. Kila jamii ilikuwa na mzee wake na orodha yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mbaya kuliko mwenzake. Bila kugawa, wenye nguvu wanachukua vyote kimyakimya na kusema wamestahili kwa sifa zao. Ukigawa, mtoto aliyehesabu kwa lugha tatu anarudishwa kwenye kisanduku kimoja ambacho hajui hata kuongea ndani yake. Niligeuza hili huku na huku. Nikajiambia nichukue kazi, niwe karani mwaminifu, nibadilishe mambo nikiwa ndani. Nikajijibu kwamba kila mtu aliyekaa ndani alisema hivyo. Nikajiambia nikikataa watamweka wetu mwingine, na nitakuwa nimewalaza wazazi njaa bure. Hilo la mwisho ndilo lililonishika siku nne.

Maendeleo yenyewe, ukiangalia, ni mtaro. Maji yatapita mlangoni kwa kila mtu. Ya nani yalianza kumwagwa, mtaro hautauliza. Lakini mtaro unahitaji karani anayejua kujaza daftari la vibarua ili watu wasipunjwe. Huyo alikuwa Nduku. Nilichoka kufikiria kabila nikaanza kufikiria wale vibarua, wanachimba jua kali, halafu mimi naacha safu wazi kwa sababu sijui kinachoandikwa hapo.

Jumamosi asubuhi nilirudi kwa Mzee Wafula na barua mkononi. Nilimwambia wagawe kazi za mikono kwa jamii kama wanaona ndiyo amani, lakini daftari apewe anayelijua. Nikaiweka barua mezani.

"Baba yako anajua?"

"Bado."

"Utamuua yule mzee."

"Mzee, mpigie Nduku."

"Nitaita kamati tuone nani mwingine katika watu wetu..."

"Namba yake iko kwenye ile karatasi ya mlangoni. Mimi sitoki hapa mpaka umpigie. Na kama ni mtu mwingine, nitasimama kwenye mkutano wa wakazi niseme nilikuwa wa nne."

Mzee alinitazama, akasema jambo kwa lugha ya baba ambalo nashukuru sikulielewa. Kisha akavaa miwani, akatoka mlangoni kusoma namba, akarudi akabonyeza polepole, tarakimu moja moja. Simu ilikuwa na sauti kubwa. Nilimsikia Nduku akisema, "Nani? Jumatatu? Hii si mchezo, Mzee?"

"Si mchezo. Kuja na kitambulisho."

Akakata simu. "Haya. Umefurahi?"

Sikuwa nimefurahi. Nilikuwa na njaa, sikuwa na kazi, na viatu vipya vilikuwa vimenitia malengelenge. Nilimwambia asante, nikashika njia ya karakana ya baba, nikitembea haraka ili nimfikie kabla habari hazijafika.