Sauti ya Akello na Besi Yangu

Naikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mchana wa jua kali, nimesimama nje ya ukumbi wa kambi ya polisi Nsambya, nasikiliza bendi yangu mwenyewe ikipiga bila mimi. Sijawahi kuona aibu kama ile, na leo nikiikumbuka nacheka peke yangu. Ngoja nikueleze taratibu. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo nikijikanyaga mahali unisamehe.

Bendi yetu iliitwa Mabati. Jina lilitoka kwenye vile vibanda vya bati vya duara walimokaa askari, ambavyo watu waliviita mama ingia pole, kwa sababu usipoinama mlangoni unagonga kichwa. Ndani ya kimoja ndimo tulimofanyia mazoezi ya roki. Hebu fikiria, gitaa la umeme ndani ya bati! Akina mama wa kambi waligonga ukuta kwa mwiko wakituuliza tumekula nini. Tulikuwa wanne. Akello, binti wa askari kutoka kaskazini, ndiye aliyeimba. Swaibu alipiga gitaa, koplo mmoja alipiga ngoma, na mimi, mtoto wa duka la vitambaa la Old Kampala, nilipiga gitaa la besi.

Siku hizi watu husema Mabati ilikuwa Akello peke yake. Si haki, maana gitaa lile la Swaibu bado linaigwa mpaka leo. Lakini sauti ilikuwa ya Akello, nzito, yenye mkwaruzo kidogo. Hakuiga mtu wa redioni. Aliimba roki kama anayemwita jirani ng'ambo ya barabara.

Sasa kosa langu. Nilitaka nisikike. Kila wimbo ulipoanza niligeuka nyuma kama narekebisha mkanda wa gitaa, nikazungusha kitufe cha amplifaya kuongeza sauti yangu kidogo. Kesho yake kidogo tena. Akello akawa anapiga kelele ili aipite besi yangu. Baada ya wiki chache sauti yake ikaanza kukatika. Tukalaumu vumbi, tukalaumu soda baridi, mama yake akamchemshia tangawizi asubuhi na jioni. Daktari akamwambia akiendelea hivyo sauti inaweza isirudi kabisa, na onyesho letu kubwa la kwanza lilikuwa limebaki wiki moja tu. Mimi nilijua sababu. Labda niseme nusu nilijua, sitaki kujisingizia wala kujitetea. Nikanyamaza.

Jumamosi hiyo tulikuwa tunajaribu vyombo ukumbini. Akaja Afande Odong, mzee mstaafu aliyewahi kuongoza bendi ya matarumbeta ya askari. Akasikiliza wimbo mmoja, akaja moja kwa moja kwangu.

"Wewe mtoto ya duka, weka gitaa chini. Kitufe usiguse. Swaibu, chukua besi yake. Pigeni."

"Afande, nimekosa nini?"

"Bado sijasema umekosa. Kuja."

Akanipeleka hadi kwenye uzio, mahali ambapo siku za maonyesho walisimama wasio na kiingilio. Mama mmoja alikuwa pale anaanika nguo.

"Unasikia nini?"

"Besi, afande." Nakiri nilijibu kwa furaha kidogo.

"Na huyu dada yako anayeimba, anasema nini?"

Nikatega sikio. Nikatega tena. "Simsikii, afande."

"Mimi nilipiga ngoma kubwa miaka mingi. Ile ngoma inatembea nyuma, hakuna mtu anaitazama. Lakini ikikosea, kikosi yote inapoteza mguu. Wewe unataka watu wakusikie, ama unataka waimbe?"

Yule mama akadakia, "Afande, mwambie apunguze, tafadhali bambi! Wiki nzima sisi tunasikia tu tumbo linanguruma."

Nikarudi ndani nikasema yote, mpaka siku niliyoanza. Nilijua nitafukuzwa. Koplo alisema nifukuzwe, na sikumkasirikia, maana alikuwa na haki. Akello alinitazama, akasema kwa ile sauti iliyobaki, "Kumbe ni wewe! Banange, jamani, mama amenimaliza na tangawizi!" Akacheka hadi akakohoa. Kisha akanisukumia chupa ya chai. "Abaki. Lakini hii tangawizi iliyobaki anywe yeye."

Nikainywa yote. Ilikuwa kali, mwanangu.

Wiki ile Akello hakusema neno, alituongoza kwa mikono. Siku ya onyesho nilipiga chini, chini sana, na sauti yake ikatoka nzima. Tulipofika ubeti wa pili wa wimbo mmoja, watu wa kwenye uzio wakaanza kuimba kiitikio, na wa ndani wakawajibu. Akello akarudi nyuma hatua moja, akatugeukia mdomo wazi. Sijawahi kupiga kimya vile, wala kufurahi vile.

Wimbo ule ulitoka pale kwenye uzio ukaenda mbali. Leo bendi za vijana za Kisumu, Goma na Mwanza zinaupiga kila moja kwa namna yake, na zikifika kiitikio zinapunguza vyombo, zinawaachia watu. Akello ametangulia, mwaka wa pili sasa. Siku ya kumzika hata kulia hatukuweza vizuri, kwa sababu watu wa nyuma walianza kuimba na sisi tukafuata. Mwezi uliopita, nikimtazama dada yangu aliyelazwa hospitali ya Mulago, nilisikia wauguzi wawili wakiuimba huku wanasukuma kitanda, mmoja akidai ni wimbo wa Kenya. Nilifungua mdomo nimsahihishe. Nikajikuta naitikia tu.

Mwanangu, sijui kama mimi ni mtu wa kumshauri mwingine. Lakini kama uko katika kazi ya watu wengi, siku moja weka chombo chako chini, utoke, ukasikilize kinachowafikia walio nje. Ukigundua unamfunika mwenzako, sema mwenyewe kabla hujaulizwa. Mimi nilichelewa, na nusura sauti ile ipotee kabla nchi haijaisikia. Na mwenzako akikiri kwako, jaribu kucheka kwanza, hukumu ije baadaye.

Mungu akupe wenzako wa kupiga nao, akupe na sikio la kuwasikia. Unachokipenda kikuzidi umri. Amina.