Guta la Batulbai

Zabron alishuka kutoka Lushoto kuja Tanga kutengeneza pampu moja, kazi ya siku mbili. Huu ni mwaka wa kumi na moja na bado yuko Ngamiani, mkabala na meza yangu ya nazi. Watu wanamwita fundi mota. Mimi Semeni namwita jirani tu, maana ukimsifu asubuhi, jioni utajuta.

Si kwamba hajui kazi. Anaijua mno, ila hajui pa kuishia. Cherehani yangu aliifunga mota, ikashona mkono wa gauni pamoja na kitambaa cha meza, nami napiga yowe. Siku ile mkewe, Lea, alimwambia mbele yangu: "Baba Noa, hili guta la Batulbai ndilo la mwisho. Likishindwa, Jumatatu tunapanda basi, ukalime kabichi kwa baba." Masikini, alipauka. Mtu huyu anapenda mota kama wengine wanavyopenda kula, na nilimwonea huruma kweli.

Batulbai ni mjane mwenye duka la vitambaa, magoti mabovu, ulimi mzima. Alitaka guta la umeme, ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, la kumtoa nyumbani Usagara hadi dukani, kwa sharti moja: mwendo uwe uleule, awe peke yake au awe na majora ya vitambaa nyuma.

Zabron akapata mota ya sumaku, akaifunga pamoja na kibodi, kibao kidogo cha saketi cha kuhesabu mizunguko. Gurudumu likizidi kasi, kibodi kinapunguza umeme, likilemewa, kinaongeza. Alilijaribu kwa gunia moja la machungwa ya Muheza, mawili, matatu. Mwendo uleule. Breki hakuijaribu, kwa kuwa yeye alilisimamisha kwa swichi. Na swichi yenyewe aliificha chini ya kiti, watoto wa mtaa wasije wakaichezea.

Jumamosi saa nne Batulbai akaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Hili ni zima kweli?"

"Ni zima, mama. Halipunguzi mwendo hata ulipakie nini."

Akawasha, akalishika kwa mikono miwili ili mama aketi. Guta likamburura hadi kandambili moja ikakatika, naye akacheka kwa furaha. "Mnaona nguvu hiyo?" Tuliiona. Batulbai akaketi na majora yake nyuma, rida yake pana, lile vazi la wanawake wa Kibohora, ikafunika kiti chote, Zabron akaachia.

Kwenye kona ya kwanza alikuwepo mzee Rehmatulla, kibarazani kwake. Kwetu humpiti mtu kama yule bila kusimama ukamuuliza hali, mguu wake, na watoto. Batulbai akabana breki. Guta likakoroma, likaongeza nguvu. Kibodi kilidhani breki ni gunia la nne.

"Salaam aleikum, Rehmatulla!"

"Waaleikum salaam! Wakimbilia wapi?"

Jibu hakulipata. Kulia kuna barabara ya malori, hivyo Batulbai akakata kushoto, kushoto tena, kushoto tena, akatokea palepale.

"Mguu waendeleaje?" akauliza akipita.

"Alhamdulillahi! Na magoti?" Jibu la magoti lilikuja mzunguko wa tatu.

Zabron alikuwa akikimbia pembeni na kandambili moja. "Lizime, fundi!" mama akapiga kelele.

"Swichi iko chini ya kiti, mama!"

"Chini ya kiti kuna mimi!"

Zabron akanyoosha mkono, akaurudisha upesi. Mjane wa watu, na mtaa mzima umetoa macho! Akamwita mkewe. Lea alikuwa ameshaanza kufungasha vyombo. Akatoka na sufuria mkononi, akakimbia, akarukia nyuma ya guta. Lea si mwepesi, na sisemi kwa ubaya. Guta halikushtuka. Likawazungusha wote wawili mtaa mzima, Lea akipapasa chini ya rida, mpaka akaipata swichi, likazimika mbele ya Rehmatulla.

Zabron akafika akihema, kichwa chini. "Mama, nisamehe."

"Ngoja," alisema Batulbai, akageuka. "Na watoto, Rehmatulla?"

"Wazima."

Salamu zilipokwisha, Lea akauliza, "Baba Noa, nilipopanda mimi, lilipungua?"

"Halikupungua," Zabron akajibu kwa sauti ya chini.

"Hata kidogo," akasema Batulbai, "na breki nimebana mpaka vidole vimekufa ganzi."

Lea akalitazama guta, akamtazama mumewe, kisha akamkabidhi sufuria. "Rudisha jikoni. Halafu uje ulifundishe hili kutii breki."

Zabron akalia palepale, nami nikajifanya napanga nazi. Jumatatu basi la Lushoto liliondoka bila wao, na asubuhi hiyohiyo mimi, mwanamke nisiyejifunza, nikavuka barabara na cherehani yangu kichwani.