Mpima Umeme wa Chumba cha Seva

Fundi anayepima umeme wa seva za watafiti haiamini mita kabla hajaigusa mashine. Huweka kiganja juu ya bati lake, hufumba macho, ndipo husoma namba na kuandika daftarini kwa penseli: mashine inakula wati ngapi ikipumzika, ngapi ikiwa kazini, na kazi hiyo ni ya nani. Siku ya tisa baada ya mazishi nilikwenda kuchukua vitu vya marehemu kaka yangu, aliyekuwa mtafiti hapo. Fundi alinipa kiti chake mwenyewe, akanionyesha mstari mmoja daftarini. Hesabu aliyoianzisha kaka kwenye mashine mojawapo kabla ya kuugua ilikuwa bado inakwenda.

“Mzee, mwenyewe si ameshatangulia? Izime basi, tuko foleni,” alisema mwanafunzi mmoja mlangoni. Fundi hakuinua sauti. “Ikipumzika hula wati tisini. Sasa inakula mia tatu na kumi. Hizo zilizozidi zote ni jasho la kaka yake huyu. Nikiizima, miezi yake miwili imepotea. Ngoja zamu yako, mwanangu.” Nilisali kimoyomoyo, maana sikujua kingine cha kufanya. Karibu na adhuhuri feni zilipunguza mvumo, na mita ikashuka taratibu hadi tisini. Fundi aliweka kiganja juu ya mashine, hakukiondoa. “Imemaliza yenyewe, dada. Hakuna aliyeikata.” Nikaweka changu kando ya chake, nikamshukuru Mungu. Bati lilikuwa bado lina joto.