Ubao wa Kifaransa

Ijumaa tukishakula, wasichana wa zamani wa skuli yetu ya Unguja hukusanyika sebuleni kwangu Mabela, huku ng'ambo tulikohamia. Wasichana, nasema, sote tuna wajukuu. Kila tukikutana tunamfufua mwalimu wa Kifaransa, tumzike upya. Mmoja huvitaja vitenzi huku akipiga meza kwa kiganja, vile tulivyopigwa sisi: kosa moja, pigo moja la mpira wa maji. Tunacheka mpaka machozi. Mimi hucheka kuliko wote, kwa sababu nina langu moyoni.

Siku ya Kifaransa palikuwa na ubao mdogo wenye kamba. Ukisikika unasema Kiswahili unavishwa shingoni, na huuvui mpaka umnase mwenzako. Kengele ya mwisho ikilia, aliyeuvaa anapigwa.

Siku moja kengele ilikaribia na ubao uko kifuani kwangu. Wote walifunga midomo. Shoga yangu wa dawati moja alikuwa anaandika imla, hana habari. Nikachukua bikari, nikamchoma pajani. Si kumgusa; nilimchoma mpaka ncha ikazama.

"Mama wee, nakufa!"

Nikamvisha ubao, kamba bado ina jasho langu.

Mwalimu alimpiga mpira mgongoni, miguuni, na alipojikunja akamzaba kofi la sikio la kushoto lililomtupa sakafuni. Damu ilimtoka sikioni ikachirizika mpaka kwenye kola nyeupe. Hakunitaja hata mara moja. Sikio lile halikusikia tena. Namchukia mwalimu yule mpaka leo, lakini aliyeanza kumtoa damu ni mimi. Wanasema mtenda husahau. Uongo mtupu.

Shoga yangu sasa anakaa Mawaleh, mtaa wa jirani. Akija huketi kushoto kwangu, ili sikio lake zima liwe upande wangu. Kila Ijumaa nilijiambia leo nitasema, na kila Ijumaa nikaleta halua badala ya maneno.

Ijumaa iliyopita mmoja wetu akamuuliza, huku anacheka, "Hivi wewe siku ile ulipiga ukelele wa nini?"

Akatazama kikombe chake. Nikaona hata leo atanificha, na nikashindwa kuvumilia.

"Nlimchoma mimi," nikasema mbele ya wote. "Kwa bikari. Nnakuomba radhi, shoga yangu."

Akaweka kikombe chini, akageuka, akanizaba kofi la sikio la kushoto kwa nguvu zake zote. Miwani yangu iliangukia chini ya meza. Hakuna aliyethubutu kuiokota.

"Kovu nnalo hapa pajani," akasema. "Nlikuwa nnakungoja useme. Haya, nimiminie kahawa."

Nikammiminia, nusu ikamwagikia halua. Sikio langu lilivuma mpaka Alasiri, kisha likapona.