Siku Farijala Alipomwoza Bintiye

Ilikuwa saa tatu unusu asubuhi, Ijumaa, tulipofukuzwa kwa mara ya kwanza kwenye ngazi za msikiti wa mtaa wetu, hapa Malindi. Tulikuwa wadogo, chuo cha Kurani kimefungwa kwa kuwa ni Ijumaa, na tulichokifuata ni halua. Wa rika langu watakumbuka: halua ya siku zile ilifungwa kwa jani kavu la mgomba, ukalamba na jani lenyewe. Watoto wa leo hununuliwa peremende kila siku na bado hununa.

Bibi harusi alikuwa Mwanakombo, binti wa pekee wa Farijala mwashi. Farijala alikuwa amefungwa miaka miwili katika jela ya Mombasa kwa kuiba nazi za Bwana Sefu, mwenye shamba kubwa Kakuyuni. Huko jela ndiko alikofundishwa uashi. Aliporudi hakujificha. Akiulizwa alijifunza wapi kuchonga jiwe, alijibu, "Jela," akaendelea kuchonga. Visima vya mtaani alivijenga yeye. Tulizoea kuchutama kumtazama akinyoosha ukuta kwa uzi, na mama zetu wakituita kula hatusikii.

Watu walipokwisha kukaa, ami wa bwana harusi alisimama.

"Bwana Kadhi, posa hatuikatai. Lakini walii, mwenye kumwoza binti, sharti awe mwadilifu, na huyu ametoka jela. Binti na aozwe na ami yake."

Farijala aliinamisha kichwa. Mtoto wa kumwoza alikuwa naye huyo mmoja tu. Akinyimwa siku ile, hana nyingine. Kadhi akauliza kama yupo wa kuishuhudia toba yake.

Aliyeinuka, kwa taabu ya magoti, alikuwa Bwana Sefu.

"Mie ndiye niliyemfungisha. Tangu atoke, nikisafiri shamba namwachia yeye, na hajagusa hata kidaka cha nazi. Wanaonimalizia madafu ni wengine, na nawajua. Mmoja kasimama hapo anadai uadilifu!"

Watu wakaangua kicheko, na yule ami akakaa.

"Farijala," Kadhi akasema, "sogea umshike mkono mkweo."

Akausogeza mkono wake uliokwaruzwa na mawe. Sauti yake tuliisikia hadi ngazini: "Nimekuoza binti yangu Mwanakombo..." Ikakatika. Akaanza upya, na mara hii akafika mwisho.

Siku hizi harusi zina gramafoni, na vijana huulizana kwanza bwana harusi ana baiskeli gani. Wanaotoka jela ni wengi kuliko zamani, lakini hupita vichochoroni, na waliowashitaki huvuka upande wa pili wa barabara. Mshitaki anayesimama mbele ya watu kumrudishia heshima mtu aliyemfungisha, nilimwona mara ile moja. Nimeota mvi, sijamwona wa pili.